Uji Uliompikia Byamungu Kule Japani

Mdogo wangu Feza, uliyenifuata mgongoni kwa mama,

Salamu nyingi toka huku Akalla, Stockholm. Sisi wazima, magoti tu ndiyo yananisumbua, na lifti ya jengo letu imekufa tena, kwa hiyo habari za watu siku hizi nazipatia kwenye ngazi. Usinicheke. Nakuandikia ndani ya hiki kijarida cha kanisa ambacho kila mtu anakisoma, hata wale wanaosema hawakisomi, kwa sababu simu yangu hupokei. Nilikuja mpaka kwako Fisksätra, treni tatu, na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, ndani ya mfuko. Binti yako Grâce akafungua mlango kidogo tu, akaniambia kwa Kiswidi, "Mamma är inte hemma." Eti hupo nyumbani. Na viatu vyako, Feza, vile vya kahawia vyenye zipu, viko pale mlangoni vinanitazama. Nikampa mtoto sombe, nikageuka.

Basi kwenye treni nikafikiri. Maneno ya kukusema yalisemwa wazi, kwenye chumba cha kufulia, kwenye kituo cha basi, baada ya ibada watu wakiwa na kikombe cha kahawa mkononi. Ya kukutetea kwa nini niyanong'one? Nayo niyaseme wazi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu tunamaliza matanga ya kaka yetu Byamungu pale ukumbini, na wewe umetuma neno kwamba hutakuja. Nataka uje. Hiyo ndiyo barua yote. Haya mengine nayasema kwa sababu unanijua, mimi siwezi kusema jambo moja halafu nikanyamaza.

Unakumbuka siku ile simu ilivyolia? Byamungu alikuwa amekwenda Japani kununua magari yake ya mitumba ya kupeleka kwetu, kama alivyokuwa anafanya kila mwaka, na kiharusi kikamwangusha kule kule, katikati ya magari. Mke wake alikuwa kwetu Uvira, visa ya Japani angeipatia wapi. Sisi ndio tulikuwa na pasipoti za Uswidi. Wewe ukaniambia mimi dada yako mkubwa, "Yaya, tunakwenda." Hukuuliza kitu kingine. Uliingia dukani kule Kista ukanunua unga wa mahindi, ukaufunga ndani ya kitenge, ukautia katikati ya nguo. Nikakuuliza, "Feza, Japani hakuna chakula?" Ukanijibu, "Kipo. Lakini mgonjwa ni wetu."

Na kile chumba chetu cha hoteli kule! Mama wee! Kitanda kimoja, ukigeuka wewe na mimi lazima nigeuke. Jiko hakuna. Kulikuwa na friji ndogo kama sanduku la viatu na birika la umeme, basi. Siku ya kwanza tulikaa kitandani tukatazamana, watoto wa mama mmoja, tuliolelewa kwenye moshi wa kuni, hatuna pa kuwasha moto. Hoteli ya kula ndani ilikuwa haiwezekani, tungemaliza nauli ya kurudi. Ukasema, "Yaya, tutakula nini?" Nikasema, "Tutakula kama wanavyokula watu wasio na mama."

Lakini tulijifunza, au siyo? Tulijifunza vile vipande vya wali vya pembe tatu vilivyovaa mwani, vinavyouzwa kwenye yale maduka yasiyofungwa. Wewe cha kwanza ulikitafuna na nailoni yake, ukasema Wajapani wana meno magumu. Tulijifunza kwamba ukinunua zile tambi za kikombe, maji ya moto wanakupa hapo hapo dukani bure, na juu ya hayo unainamiwa kwa heshima. Tulijifunza kwenda asubuhi kwa yule mwoka mikate wa karibu na stesheni, anayeuza kingo za mkate kwenye mfuko, zile zinazokatwa wakati wa kutengeneza mikate ya watu wenye pesa. Tulizichovya kwenye chai. Mpaka leo mimi nikiona mtu hapa Stockholm anatupa kingo za mkate naumia.

Na ile siku ya maharagwe. Ulikuja unakimbia toka kwenye rafu, umeshika kikopo cheupe, macho yanang'aa.

"Yaya, maharagwe! Mungu hajatusahau!"

Tukafika chumbani, ukafungua, ukachota na kijiko. Yakavutika, Feza. Utelezi mrefu kama wa mtoto mwenye mafua.

"Yaya, haya yameoza."

"Yameoza vipi na tumeyanunua leo?"

"Basi yameozeshwa kwa makusudi."

Tulipomwambia Bwana Shabani alicheka mpaka akashika ukuta. Kwa wasiomjua, Bwana Shabani ni Mtanzania, mtu wa Tanga, anafanya kazi ya magari kule na ameoa kule. Yeye ndiye aliyempeleka kaka yetu hospitali, na yeye ndiye alikuwa mdomo wetu na masikio yetu. Akasema, "Dada zangu, hicho ndicho chakula cha asubuhi cha watu wazima wa hapa." Wewe ukasema bora uzee bila kukua.

Na jioni, tukitoka hospitali, tulipitia lile duka kubwa. Kuna saa fulani anatokea mfanyakazi na karatasi zake za kubandika, anapunguza bei ya vyakula vilivyopikwa ambavyo havitalala. Wale wamama wa pale hawasukumani kama sisi. Wanasimama mbali, wanajifanya wanachagua figili. Na mimi nikajifunza kujifanya nachagua figili. Wewe aibu ilikuwa inakuua.

"Yaya, twende, tutaonekana maskini."

"Feza, hapa nani anatujua?"

"Katika mji huu weusi ni sisi wawili na Bwana Shabani. Kila mtu anatujua!"

Na kweli walikuwa wanatujua. Yule mfanyakazi alifika mahali akawa anabandika ile sahani ya samaki kwanza, halafu anatutazama, kama mtu anayeita kuku. Tulikuwa tunakula samaki huyo tumekaa kitandani, taulo juu ya magoti ili tusimwage, tunacheka. Tulikuwa tunacheka, Feza. Kaka yetu amelala na bomba puani, mkono wake wa kulia hausikii, na sisi jioni tunacheka juu ya samaki. Watu wanafikiri kuuguza ni kulia tu. Asiyecheka hawezi kurudi hospitali kesho yake.

Lakini wewe ulikuwa na jambo moja lililokula moyo wako, na mimi nililiona toka mwanzo. Kwetu mgonjwa hali cha hospitali. Hospitali inatoa dawa na kitanda, chakula kinatoka nyumbani, kwenye sufuria iliyofungwa kitambaa, na mgonjwa ambaye hakuna anayemletea sufuria, wodi nzima inamwonea huruma, wanajua ametupwa. Sasa Byamungu alikuwa anaingiziwa kitu cheupe puani toka kwenye mfuko. Ulikuwa unautazama ule mfuko kama adui. "Yaya," ukasema, "ndugu zake wawili tupo hapa, tumeshiba wali wa dukani, na yeye analishwa na plastiki."

Ndipo ukafanya ile kazi ya birika. Mimi nilikuwa bafuni. Nikasikia harufu ya unga unaungua, nikatoka na sabuni usoni, nakuona umeinama juu ya birika la umeme unakoroga na kijiko cha plastiki, uji umepanda umemwagika mpaka kwenye zulia, na moshi unatoka chini kwenye waya. Kengele ikalia hoteli nzima. Yule bibi mwenye hoteli akapanda mbio na ndala zake. Na wewe ukaanza kumwomba msamaha kwa Kiswidi! "Förlåt, förlåt!" Kama vile kila mzungu na kila Mjapani na kila asiye Mkongo lazima ajue Kiswidi. Yeye anainama, wewe unainama, mimi na sabuni yangu nainama. Akalinusa lile birika. Akachovya kidole kwenye uji, akaonja. Halafu akakuonyesha kwa mkono, njoo.

Akakupeleka nyuma ya mapokezi, jikoni kwake mwenyewe. Ule mtambo wao wa kupikia wali, kumbe unapika na uji, polepole, wenyewe. Ukarudi na chupa ya chai imejaa uji, umeukumbatia kama mtoto. Uso wako siku ile sijauona tena.

Sasa nakuja mahali ambapo hutaki nije. Vumilia, mdogo wangu. Nashika mkono wako.

Tulijua kwamba tusimpe kitu mdomoni. Bwana Shabani alituambia siku za mwanzo: daktari anataka kwanza apime koo lake. Wewe ulijua, mimi nilijua, na ile chupa tulisema tunampelekea anuse tu. Ukafungua kifuniko. Harufu ikatoka, ya mahindi, ya kwetu kabisa. Na Byamungu, ambaye toka tufike alikuwa anatazama dari, akageuza kichwa. Akakutazama. Akafungua mdomo, upande ule uliokuwa bado unamtii.

Ungefanya nini? Nawauliza na hawa wanaosoma, wangefanya nini?

Ulimpa kidogo kwenye ncha ya kijiko. Akameza. Akafungua tena. Ukampa tena. Halafu akakohoa, akakohoa sana, na nesi akaja mbio, akapishanisha mikono yake kifuani hivi, msalaba, hapana, hapana, wakamvuta uji kooni kwa mashine. Wewe ukarudi nyuma mpaka ukutani. Lakini alitulia, Feza. Alitulia jioni ile ile, akalala, na asubuhi tulimkuta anapumua vizuri na akakuminya kidole. Hilo huwa hulisemi. Ukisimulia unatoka kwenye kikohozi unaingia moja kwa moja kwenye kifo, kama vile katikati hakuna kitu. Katikati kulikuwa na siku nzima, na nyingine, na kaka yako alikuwa anakuminya kidole.

Halafu ndiyo akaenda.

Daktari alituita kwenye kile chumba kidogo, Bwana Shabani yuko pembeni yetu anatafsiri. Wewe ulikuwa umejifunika kitenge uso mzima. Bwana Shabani akasema, "Daktari anasema damu imevuja tena kichwani, ndiyo hiyo iliyomchukua. Mengine hayahusiki." Na wewe hukuamini. Kwenye ndege ulinirudishia maneno haya mara kwa mara mpaka usingizi ukanikimbia. "Yaya, Shabani ni mtu wa Tanga. Mtu wa Tanga nyumba yako ikiungua atakuja kukuambia, lakini ataanza na habari za asubuhi. Hawezi kunipa neno baya usoni. Alinifunikia."

Labda. Watu wa pwani wana adabu zao, sikatai. Lakini sikiliza, mimi sikuwa nimejifunika kitenge. Mimi nilikuwa natazama, unajua macho yangu hayalali. Daktari aliweka picha mbili kwenye taa. Picha za kichwa. Ya kwanza ilikuwa na doa jeupe dogo, ya pili doa limejaa nusu nzima. Akaweka kidole pale. Akatoa, akaweka tena pale pale. Hakuonyesha koo. Hakuonyesha kifua. Kidole hakihitaji Bwana Shabani. Nilikuambia hili siku ile, ukaniambia nakunyamazisha kama mtoto. Sasa naliandika mbele ya watu, na mimi uongo siwezi kuuandika kwenye kijarida cha kanisa. Kusengenya ndiyo, nasengenya. Uongo juu ya marehemu, hapana.

Mimi si daktari. Shule niliacha nikiwa bado nahesabu kwa vidole. Hujanisikia nikisema uji ule haukumfanya kitu chochote. Nasema nilichokiona.

Sasa yule mama wa Sundbyberg, jina silitaji, atajijua mwenyewe akifika mstari huu. Ndiye aliyezungusha maneno, eti Feza alimnywesha uji mgonjwa wa bomba. Nilimkuta kwenye duka la vyakula vyetu, ameshika ndizi.

Nikamwambia, "Mama, umeniulia mdogo wangu."

"Mimi? Mimi nimesema tu nilivyosikia."

"Ulisikia kwa nani?"

"Kwa Feza mwenyewe, siku ya kilio."

"Feza alikuwa analia!"

"Kwani anayelia hasemi kweli?"

Nikanunua muhogo ambao sikuuhitaji, nikaondoka.

Lakini yeye simwogopi. Ninachokiogopa nilikipata kwa mtoto wako. Juzi Grâce alikuja kulala huku, nikampikia bugali na samaki. Akala, akala, mpaka nikamtazama. Nikamuuliza kwa Kiswahili, "Mama anapika nini nyumbani?" Akanijibu kwa Kiswidi chake, "Vi äter nudlar." Tunakula tambi. Nikauliza, "Kila siku?" Akasema na mikate, na vitu vya baridi vya kwenye pakiti. Akasema jiko umeliwekea kitambaa na maua juu.

Feza, una nyumba Fisksätra yenye jiko la sahani nne na oveni, na unaishi kama bado tuko kwenye kile chumba. Unachemsha maji, unamwaga, unafunika, unangoja. Kule tulikuwa hatuna jinsi. Na tulikuwa wawili, tulikuwa tunacheka. Sasa unakula hivyo peke yako na mtoto anakutazama. Mwaka karibu unatimia. Unajiadhibu kwa hukumu ambayo hakuna aliyeitoa ila mwenye ndizi.

Na sasa nikupe neno ambalo nilikuwa nimekuja nalo siku ile ya viatu. Nilimpigia simu mke wa Byamungu, kadi nzima iliishia kwake. Nikasema, shemeji, watu huku wanasema hivi na hivi kuhusu Feza, bora usikie kwangu. Akauliza, "Alimpa uji wa nini?"

Nikasema wa mahindi.

"Aliumeza?"

Nikasema aliumeza, akafungua mdomo tena.

Nikasikia analia, lakini si kilio kile cha kuumia. Akasema, "Mwaka mzima nalala nikifikiri mume wangu amekufa kwa wageni bila kuonja cha kwao. Kwa nini hamkuniambia?" Akasema, "Na matanga huko kwenu atapakua nani?"

Unajua kwa nini aliuliza. Kwa ukoo wetu, na hapa nawaeleza wengine, siku ya kumaliza matanga hakuna anayegusa chakula mpaka aliyemlisha marehemu mara ya mwisho apakue sahani ya kwanza. Si mkubwa, si mchungaji, si mwenye pesa. Yeye. Baba alipokwenda, alipakua yule jirani Mhaya aliyempa chai ile asubuhi, wajomba wote wamesimama wanangoja, na hakuna aliyesema neno. Nikamwambia shemeji, Feza hataki kuja. Akaniambia, "Mwambie mimi mjane ndiye ninayesema. Apakue yeye. Kama siye yeye, basi mume wangu hakulishwa na mtu."

Hayo ndiyo maneno yake, sikuongeza chumvi, na unajua mimi chumvi huwa naongeza.

Kwa hiyo kile wanachokisema kwenye chumba cha kufulia kama kosa lako, mwenye haki ya kukisema anakiita nafasi yako. Mimi sitaipokea. Nilikuwepo, lakini kijiko kilikuwa mkononi mwako. Yule wa Sundbyberg ameshajitolea, eti atasaidia kupakua kama kuna shida. Nimemwambia alete soda.

Usinipigie kwanza, ukinipigia nitaongea mpaka utaghairi. Njoo tu na mtoto. Sufuria zitakuwa mezani saa saba. Ukichelewa treni, ukikaa kwanza nje unalia, ukifika na ukarudi mpaka stesheni ya Slussen halafu ukageuka tena, usiogope. Utatukuta hatujala.

Nakubusu macho, na mkono ule wa kulia.

Yaya wako